Kompyuta Imeshiba Nini?

"Ndugu wanakamati," mpwa wangu alitangaza, "kompyuta ya Anko inasema imejaa."

Hakuna aliyemwomba atafsiri. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, yametulia zao juu ya shuka jeupe tulilotundika ukutani liwe skrini, na mimi nilikuwa nimeshaanza kueleza kwamba mtandao unasumbua. Hii ilikuwa jana, Mikumi, uani kwa wazazi wa bwana harusi, malori ya Tunduma yakinguruma barabara kuu, nami katibu wa kamati nikijaribu kuhifadhi orodha ya ahadi na michango. Faili likagoma. Mweka hazina akauliza kama na fedha zimegoma. Watu wakacheka, isipokuwa shangazi mmoja aliyekwisha kumaliza mchango wake wote.

Yeye ndiye aliyeuliza: "Imejaa nini?"

Kabla sijaufikia waya wa projekta, kijana alikuwa ameshafungua WinDirStat. Ni programu ya bure inayopekua diski yote, kisha inachora kila faili liwe kigae cha rangi: faili kubwa, kigae kikubwa. Ukiwa peke yako nyumbani Kilosa, ni kitu kitamu kukitazama. Juu ya shuka, mbele ya kamati nzima, ni upekuzi wa polisi. Maana programu hiyo pia hupanga folda kuanzia yenye uzito zaidi, na mpwa alizisoma moja moja kwa sauti ya mtangazaji wa mpira.

"Sizoni za Kikorea zilizotafsiriwa. Sizoni za Kikorea mpya. Sizoni za Kikorea usifute."

"Usifute?" akauliza mwenyekiti.

"Ndivyo alivyoandika, mzee."

Zikafuata Vyeti, Vyeti 2, na Vyeti Kopi ya Kopi. Hizo sikuzionea haya. Mtu wa Kilosa haulizwi kwa nini anarudufu vyeti. Mwishoni mwa Desemba 2009 Mto Mkondoa ulivunja kingo, ukaingia mjini, ukaharibu reli ya kuelekea Gulwe na kuwapeleka maelfu ya watu kambini. Tangu hapo karatasi siiamini. (Mpwa alinong'ona kwamba kopi tatu kwenye diski moja ni sawa na kopi moja, diski ikifa zote zinakufa. Ni kweli. Lakini hakualikwa kutoa semina.)

"Sasa tazameni kigae kikubwa kuliko vyote," nikasema, na hapo sauti ilianza kunirudia. Hakikuwa cha Kikorea. Kiliitwa hiberfil.sys.

Nikawaeleza. Kazi unayoifanya hukaa kwenye RAM, kumbukumbu ambayo umeme ukiondoka inasahau yote. Ukiiamuru mashine ilale usingizi mzito, inanakili yaliyomo kwenye RAM na kuyaweka kwenye faili hilo, inajizima kabisa, na kesho ukiiwasha inajisomea upya ilipoishia. Ili siku hiyo nafasi isikosekane, faili hujitengea gigabaiti kadhaa muda wote, hata kama hujawahi kuilaza mashine maishani mwako! Ukilifuta kwa mkono linagoma. Linaondoka kwa amri moja tu, powercfg /h off, iandikwe kwa mamlaka ya msimamizi wa mashine, na gharama yake ni kwamba kompyuta itachelewa kidogo kuwaka.

Karibu yake ilikaa Windows.old: mfumo mzima wa zamani, uliobakizwa baada ya toleo jipya kuingia ili ukijuta urudi. Kwa kawaida hujiondoa baada ya siku 10, au unaiondoa mwenyewe kupitia Disk Cleanup.

Lakini iliyonikosesha usingizi miezi mingi ni WinSxS. Humo faili moja linaweza kuwa na majina mawili, moja ndani ya WinSxS na jingine ndani ya System32, huku data yenyewe ikiwa imeandikwa mara moja tu kwenye diski. Anayehesabu majina anahesabu mzigo uleule mara mbili. Folda inaonekana nene kuliko ilivyo, na anayeifyeka kwa hasira anaweza kubaki na mashine isiyowaka. Hata kufuta kwenyewe si kufuta: faili likienda kwenye pipa la taka bado linakula nafasi ileile, na ukimwaga pipa, mfumo unaliondoa tu kwenye orodha yake; kwenye diski za zamani za kuzunguka data inabaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Nilikuwa naingia kwenye diski za SSD, ambako mambo ni tofauti kabisa, mwenyekiti aliposimama.

"Katibu, kikao kijacho njoo na kaunta buku."

Njia nzima ya kurudi Kilosa, kupitia Ulaya (hii yetu), nilikuwa nafanya hesabu. Boksi liliandikwa 128GB. Skrini inaniambia 119. Mtengenezaji anahesabu gigabaiti ya baiti 1,000,000,000, Windows inagawanya kwa 1,073,741,824, na wote wawili wanaiita GB. Toleo la Mei 2019 la Windows 10 likaanza kujitengea takriban 7GB kwenye mashine mpya kwa ajili ya masasisho yake. Masasisho yenyewe yanashuka kwa bando langu. Mwenye intaneti ya kulipia kwa mwezi haoni. Anayenunua bando la siku anaona kila megabaiti ikienda kujaza diski aliyoilipia. Windows 10 imekoma kuhudumiwa Oktoba 2025, na Windows 11 inataka diski isiyopungua 64GB. Mwenye laptopu ya 32GB, aliyojinyima kumnunulia mtoto wa chuo, aende wapi?

Ukikatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa barabara kuu, bango linakutajia faini ya kila mnyama utakayemgonga. Kompyuta haina bango. Mwishoni mwa 2018 folda ya Downloads iliingizwa kwenye orodha ya Disk Cleanup, imepangwa pamoja na takataka, na mtu aliyezoea kutiki kila kisanduku angefuta na barua za kazi na picha za watoto. Iliondolewa kwenye toleo la 2020.

Nyumbani, nilipoanza kuhamishia sizoni kwenye flashi, umeme ukakatika. Flashi ya pili ilikuwa na virusi. Fundi wa stendi akasema dawa ni kupiga Windows upya, elfu ishirini, ila sizoni hazitapona. Nikamuuliza bei ya kuziokoa. Akaitazama ile folda ya Usifute, akanitazama na mimi, akasema elfu thelathini.