Waganga wa Corolla

Asubuhi moja ya mwezi wa tano nilipiga stata, Corolla likakohoa mara mbili, kisha likaachia moshi wa buluu mzito uliofunika geti, mwembe na nusu ya nyumba ya jirani. Watoto wa mtaa wakatoka mbio nyuma yangu wakishangilia. Walidhani manispaa imeleta ile mashine ya kupulizia mbu. Walinikimbiza mpaka kwenye kona ya duka, na jioni mama wa mmoja wao akanisimamisha kwa heshima zote: "Baba, kesho utapita tena? Maana kwetu mbu hawajaisha."

Gari lenyewe ni Corolla 110 la mwaka 1998, injini ya 5A. Liliteremka bandarini likiwa limeshamtumikia Mjapani fulani, na mpaka leo kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna kistika chake, maandishi yote ya kwao, isipokuwa tarakimu. Sijawahi kukibandua. Kinalipa gari heshima, kama cheti cha ubatizo.

Nilikosea jambo moja: nilisema hadharani kwamba gari linakula oili. Katika jiji hili la Dar es Salaam ukisema unaumwa kichwa, watu watakupa pole. Ukisema gari linakula oili, kila mtu ana dawa. Mganga wa binadamu angalau atakuuliza jina la mama yako kabla hajaanza kutibu. Mganga wa magari hata boneti haombi ufungue.

Wa kwanza alikuwa shemeji yangu. Shemeji hana gari, ana maoni. Alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita WhatsApp, na nyuma yake nikisikia vikombe vya kahawa. "Shemeji, hiyo oili unayoweka ni nyepesi kama chai ya msibani. Weka ishirini W hamsini. Ikigoma, weka arobaini ya malori." Nikamuuliza hiyo W ni nini. Akasema ni uzito. Si uzito. Inasimamia majira ya baridi ya huko ughaibuni, na namba iliyo mbele yake inaeleza jinsi oili inavyotiririka kukiwa na baridi kali. Mimi naishi mahali ambapo mtu akivaa sweta anaulizwa kama ana malaria. Lakini nilinyamaza, kwa sababu shemeji ni shemeji.

Mke wangu alitoa ushauri wake pia, wa sentensi moja: "Kabla ya gari, tengeneza geti." Geti letu lina bawaba inayolia kama mbuzi aliyeachwa na kundi. Nikamwambia kuna mambo makubwa na mambo madogo.

Mwezi wa saba nikaenda kwenye maonyesho ya biashara ya Sabasaba, na huko ndiko nilikoporwa nikiwa natabasamu. Kwenye banda moja kulikuwa na kijana mwenye kipaza sauti cha sikioni, mbele yake mashine ndogo: pete ya chuma inayozunguka, na juu yake mkono wa chuma unaoikandamiza. Akatia oili ya kawaida, akakandamiza. Mashine ikapiga kelele, ikatoa moshi, ikazima. Akapangusa, akatia matone machache ya dawa kutoka kwenye chupa ya dhahabu, akakandamiza tena mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mashine ikazunguka kimya. Watu wakapiga makofi. Mzee aliyesimama mbele yangu akasema, "Subhanallah." Chupa moja ilikuwa shilingi 35,000. Nikanunua mbili, maana dozi haikatizwi.

Laiti ningejiuliza swali moja tu palepale: ni lini ndani ya 5A chuma kinakandamizwa juu ya chuma kavu namna ile? Injini nzima ina pampu inayosukuma oili, na krankshafti inaelea juu ya utando wa oili kama ngalawa juu ya maji. Ikifika hatua ya chuma kusaga chuma kama pale bandani, huhitaji chupa, unahitaji injini nyingine kutoka Ilala. Kijana yule alikuwa ananionyesha dawa ya ugonjwa ambao sina. Lakini ukiwa umezungukwa na watu wanaopiga makofi, akili nayo hupiga makofi.

Nikamimina. Haki ya Mungu, moshi ulipungua. Kwa wiki mbili nilikuwa mtume. Nilihubiri kazini, nikahubiri kwenye foleni ya Ubungo, nikamtumia shemeji ujumbe wa sauti wa dakika saba. Kumbe mengi ya madawa haya kazi yake ni kuifanya oili iwe nzito zaidi, na kitu kizito huvuja polepole. Wiki ya tatu moshi ukarudi, ukiwa umejifunza mambo mapya. Watoto nao wakarudi.

Hapo ndipo akaingia fundi wa mtaani, yule ambaye nyuma ya mgongo wake tunamwita fundi maiko na mbele ya uso wake tunamwita injinia. Akachomoa kijiti cha oili, akakinusa kama mpishi, akatoa hukumu: "Ndani kumechafuka, bosi. Tuiharishe." Maana yake ni kumimina dawa ya kusafisha ndani ya oili chakavu, injini inanguruma dakika kumi, kisha vyote vinamwagwa. Kikatoka kitu cheusi kizito, katikati ya lami na uji wa ulezi. Nikafurahi. Nilidhani kila uchafu umetoka.

Haukutoka wote. Ulibanduka, na kubanduka si kutoka. Siku mbili baadaye, juu ya daraja la Ubungo, ikawaka ile taa nyekundu yenye picha kama birika la kahawa. Taa hiyo haikuambii uongeze oili ukifika nyumbani. Inakuambia zima sasa hivi, oili haisukumwi. Madongo ya uchafu yalikuwa yamekwenda kuziba chujio la pampu kule chini kwenye sampo. Nikavutwa kwa kamba na lori la Kanta lililobeba vitunguu, dereva akinichungulia kwenye kioo kama mtu anayevuta ng'ombe mkaidi.

Usiku huo, nikiwa sina usingizi, nikaanza kusoma. Kumbe tulioibiwa huku tukitabasamu ni wengi, na wengine wako Marekani. Mwaka 1997 watengenezaji wa Slick 50, dawa ya injini iliyovuma sana kule, walimaliza mashauri yao na tume ya serikali inayosimamia biashara, FTC, kwa kukubali kuachana na madai ambayo hawakuwa na ushahidi wake. Moja ya madai yaliyolalamikiwa ni kwamba injini ikiwashwa inakuwa na kinga ndogo au haina kabisa mpaka utie dawa. Nikajisikia nafuu kidogo. Ukipigwa pamoja na Mmarekani, aibu mnagawana.

Kesho yake Kanta halikuwepo, lakini jirani alinivuta mpaka kwa mzee mmoja, fundi wa Gerezani. Mzee hakunusa kitu. Aliniuliza maswali, kama daktari wa zamani. Moshi wa rangi gani? Buluu. Akasema vizuri, hiyo ni oili. Ungekuwa mweupe mzito usioisha tungetafuta maji, ungekuwa mweusi tungetafuta petroli. Unatoka saa ngapi? Asubuhi, nikiwasha, halafu unapotea. Ukipanda kilima umekanyaga mafuta? Hapana. Akafungua plagi, akapachika geji ya kompresheni kwenye matundu, silinda moja baada ya nyingine. Akaguna. "Ringi zako nzima. Hizi ni sili za valvu."

Sili za valvu ni vikofia vidogo vya mpira, na kwenye 5A viko 16. Vikizeeka vinakakamaa kama kandambili iliyoanikwa juu ya bati. Gari likilala, oili inadondoka tone tone kupitia kwenye valvu mpaka ndani ya silinda. Asubuhi unawasha, inaungua, watoto wanafurahi. Basi. Nikamuuliza mzee kama kweli hakuna dawa. Akasema zipo zinazolainisha mpira kidogo, na kama huna hela zinaweza kukununulia miezi. "Lakini mimi siuzi miezi," akasema. "Nauza sili."

Kisha akaniomba kopo la oili ninayotumia. Akaligeuza nyuma, akavaa miwani. "Unaona hizi herufi? SF. Hii ni ya injini za kabla ya mwaka 1989. Lako la mwaka gani?" Nikanyamaza. "Siku hizi kuna mpaka SQ, ya mwaka 2025. Wewe umenunua oili rahisi kuliko zote dukani, ukainunulia dawa ghali kuliko zote Sabasaba."

Halafu akanipa darsa, akiwa ameshika kopo kama kitabu. Oili si mafuta matupu. Kwa kawaida kwenye kila lita 10, lita moja mpaka mbili tayari ni dawa: ya kusafisha, ya kuubeba uchafu usigande, ya zinki ya kukinga chuma, ya kuzuia povu, ya kuzuia kutu. Vyote vimepimwa kiwandani vikae pamoja bila kugombana. "Ni pilau limeshaiva, mwanangu. Wewe unakuja na pakiti yako ya bizari unamwaga juu." Nikamtaja mjomba wangu wa Iringa mwenye Land Rover ya kale, anayeapa kwa dawa ya zinki. Mzee akakubali: mjomba ana hoja, kwa sababu oili mpya za petroli zimepunguzwa zinki na fosforasi ili zisiharibu kile chombo cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, na injini za kale zenye kamshafti inayosugua zilitegemea zinki hiyo. "Lakini wewe si mjomba wako."

Mwisho akauliza swali ambalo tangu mwezi wa tano hakuna mganga aliyeniuliza. "Kabla ya kuharisha, oili ulibadilisha lini?"

"Nimeongeza sana, mzee."

"Sijauliza kuongeza."

Akafungua mlango wa dereva, akainama kwenye kile kistika changu cha heshima. Akapitisha kidole kwenye tarakimu. "Huyu Mjapani aliandika tarehe na kilomita za kubadili oili. Wewe umeandika wapi?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nimebeba risiti ya tabia njema ya mtu mwingine, nikidhani ni cheti cha ubatizo.

Sili 16 na ufundi, shilingi 120,000. Dawa, kuharisha, kuvutwa na kufungua sampo, nilishakula zaidi ya 200,000. Oili niliyopewa sasa ni ya kawaida, ya namba inayostahili, na kilomita nimeandika kwa kalamu ya wino kwenye plasta, nikaibandika chini ya maandishi ya Mjapani. Asubuhi gari linawaka kimya, bila hata wingu. Watoto walisimama wakasubiri, wakaondoka wamevunjika moyo. Yule mama akaniuliza kama manispaa imesitisha mradi.

Ilibaki chupa ya pili, ile ya dhahabu, haijafunguliwa. Shemeji alituma ujumbe kwamba niihifadhi, huwezi kujua. Mke wangu hakutuma ujumbe. Aliifungua, akamimina kidogo kwenye bawaba ya geti, akalisukuma kwa kidole kimoja. Kimya. Mpaka leo halijalia tena.

Kwa hiyo siwezi kusema dawa haifanyi kazi.