Lugha ya Mitindo Kabla Mwili Haujatoka Mochari

Mteja ataingia saiba yako mjini Nyeri Jumatano jioni. Mazishi ni Ijumaa, Othaya. Anataka programu moja ya mazishi itoke kijitabu cha A4 iliyokunjwa, isomeke WhatsApp kwa jamaa walio Marekani, ionekane kwenye projekta kanisani, na picha ya marehemu ijae bango la getini. Mwenye haraka angefanya kila kimoja kivyake. Wewe ni msomi: tunga lugha ya mitindo.

Kwanza orodhesha vyombo vyote duniani, hata usivyowahi kuviona. Ndivyo walivyofanya wenye CSS, lugha ya mitindo ya kurasa za wavuti. Håkon Wium Lie alitoa pendekezo lake mwaka 1994, na toleo la pili la 1998 likagawa vyombo kwa majina: skrini, karatasi, projekta, runinga, breli, sauti, kifaa cha mkononi. Kisha ngoja vifaa vyenyewe vije. iPhone ya 2007 ilikataa katakata kuitwa kifaa cha mkononi. Ikajiita skrini na kuzipita kanuni zote ilizoandikiwa. Kuuliza upana wa kioo, badala ya jina la chombo, ni busara iliyopitishwa rasmi 2012. Usiiharakishe.

Sauti nayo usiisahau. CSS ya 1998 ilikuruhusu kuamua msomaji asikike kutoka kushoto, kulia, juu au chini. Emsii wa Karatina mwenye spika mbili juu ya pikapu atakushukuru sana, akipatikana wa kumweleza.

Sasa fonti. Tanguliza ile ya mikunjo, ya kadi za harusi. Haina ũ wala ĩ za Kikuyu, lakini lugha yako itakuwa na fonti za akiba, na herufi inayokosekana huazimwa huko peke yake. Jina Mũthoni litatoka na M ya harusi, ũ ya barua ya chifu, kisha harusi iendelee. Shangazi ataliona hilo kabla karatasi haijapoa. Mwambie kanuni ndivyo zinavyosema.

Kijitabu cha kurasa 8 kina ushetani wake: ukurasa wa 8 hukaa ubavuni mwa wa 1. CSS hilo halijaihusu. Kijana wa printa ndiye anayejua upande wa kugeuza.

Kufikia hapo mteja atakuwa ameshavuka barabara kwa jirani anayetumia Publisher, anachapiwa na kulipia kwa nakala, nawe bado hujaamua kama nukta-mkato ya mwisho ni lazima.