Mjomba, Huku Samaki Huvuliwa kwa Kalamu Kwanza

Nanaimo, Kisiwa cha Vancouver
Alhamisi usiku, Agosti

Mjomba,

Swali lako nimelisikia kwenye ile sauti uliyotuma WhatsApp, na vicheko vya wenzako hapo bandani nimevisikia pia. Umeuliza inakuwaje watu wazima watatu, wenye boti ya mashine mbili, wapange safari ya kuvua tangu mwezi wa tano na mpaka leo hawajagusa maji ya chumvi. Jibu ni refu. Ndiyo maana naandika badala ya kukupigia, maana kwa simu ungenikatiza kabla sijafika kwenye leseni.

Watatu wenyewe ndio hawa. Wa kwanza ni jirani yangu, mzee mstaafu, mwenye boti. Mimi namwita Nahodha, na jina limemkaa hata mkewe siku hizi humwita hivyo akitaka takataka zitolewe nje. Wa pili ni rafiki yangu Mkongo wa Kalemie, aliyekulia ukingoni mwa Ziwa Tanganyika akivua ndakala usiku kwa taa. Alipoonyeshwa boti aliizunguka, akaikagua mbele na nyuma, akauliza, "Na taa iko wapi?" Alipoambiwa tutavua mchana, alimtazama Nahodha kwa huruma. Wa tatu ni mimi, ambaye sifa yangu ya ubaharia ni moja tu, kwamba ni mpwa wako.

Tunayemfuata ni samoni, hasa yule aitwaye Chinook, ambaye akipita ratili 30 watu wa hapa humpa cheo kabisa na kumwita Tyee. Samaki huyu huzaliwa mtoni, akashuka baharini, akazurura miaka kadhaa huko kaskazini mwa Pasifiki, kisha akarudi kwenye mto uleule aliozaliwa, akiutambua kwa harufu. Sehemu hii usimsomee dada yako. Najua atakachosema: hata samaki hurudi kwao. Ukiteleza ukamsomea, basi mmalizie na habari yote, kwamba akisharudi hutaga na kufa.

Sisi tunataka kumuwahi kabla hajaingia mtoni, angali amenona, nje ya Ucluelet, upande wa magharibi wa kisiwa unaotazama bahari kuu. Kutoka kwetu ni mwendo wa saa tatu hivi kwa gari, kupitia Port Alberni na kuvuka milima, boti ikivutwa kwenye trela. Kwa hiyo chombo chetu kitapanda mlima kabla hakijapanda wimbi.

Sasa karatasi. Wewe hapo Pangani leseni yako unaijua na watu wa BMU wanaosimamia ufuo wanakujua kwa jina. Huku kuna leseni ya uvuvi wa baharini, inayoanza Aprili 1 na kuisha Machi 31, na juu yake unanunua stempu ya samoni. Bila stempu unaruhusiwa kumvua samoni, kumshangaa, na kumrudisha. Ukimpata Chinook ukaamua kubaki naye, unamwandika palepale, kabla hujamaliza kusema alhamdulillahi, na mikono ndiyo hiyo imejaa utelezi. Asipofika sentimita 45, anarudi. Na kuna maeneo na majuma ambayo hata aliyezidi ukubwa anarudi, ili majike makubwa yafike mitoni kutaga. Hebu mweleze hilo mwenzako yule aliyecheka kuliko wote: umepigana na samaki mpaka mkono umekufa ganzi, unamfikisha ubavuni, unampima, unamwomba radhi kwa kuwa ni mkubwa mno.

Halafu kuna kipezi kidogo mgongoni, karibu na mkia. Baadhi ya samoni waliozalishwa kwenye vituo vyao vya kuzalishia samaki hukatwa kipezi hicho wakiwa wadogo, ili mvuvi awatambue. Kuna mahali huyo aliyekatwa ndiye pekee unayeruhusiwa kumchukua, na wa porini umwachie. Na ukishamchukua huruhusiwi kumkatakata baharini hadi mkaguzi ashindwe kujua ni samaki gani na alikuwa na urefu gani. Nilikuwa nimeshapanga kubeba jiko la gesi na tui la nazi. Nahodha alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akanisomea kifungu.

Kuendesha boti yenye mashine nako kunataka kadi. Unafanya mtihani wa maswali 50, ukipata asilimia 75 unapewa kadi ya maisha. Mkongo alikasirika kweli, mtu aliyevuka ziwa usiku wa dhoruba na kasia mkononi leo aulizwe maana ya taa ya kijani. Akafanya kwa hasira, akapata alama nyingi kuliko mimi. Mimi maboya ndiyo yaliyonisumbua, na lawama nakutupia wewe, kwa kuwa ndiye uliyenifundisha kwamba ukiingia bandarini boya jekundu linakaa kushoto. Huku Amerika ni kinyume, jekundu linakaa kulia. Dunia iligawanywa sehemu mbili juu ya jambo hili, na sisi hatukuambiwa.

Lakini kilichonimaliza ni kopo. Kanuni za boti ndogo zinataja kila kitu: jaketi la kuokolea la kila mtu, filimbi, tochi isiyoingia maji, kamba inayoelea ya mita 15 ya kumrushia aliyeanguka, pampu ya mkono au kopo la kukumbia maji. Na kopo hilo, Mjomba, limepimwa. Liwe la plastiki au la chuma, mdomo wake usipungue sentimita 65 za mraba, na tumbo lake lichukue mililita 750 au zaidi. Nikasema sasa Nahodha ataagiza kopo lenye muhuri wa serikali. Akaingia stoo, akatoka na dumu la dawa ya kufulia, akalikata kitako kwa mshazari kwa msumeno, mpini ukabaki, mfuniko akaukaza kwa gundi. Akalipima kwa rula, akaridhika. Ni lilelile lako, mpaka ile ncha inayokwangua maji ya mwisho sakafuni.

Jumamosi iliyopita tulimwaga zana zote kwenye sakafu ya gereji. Kuna winchi ndogo ya waya inayofungwa ubavuni mwa boti, na mwisho wa waya linaning'inia tufe la risasi la ratili 12. Hilo ndilo chubwi lao. Mshipi unabanwa kwenye kibanio karibu na tufe, unashushwa mita thelathini, arobaini, na boti inarambaza kwa mwendo wa mtu anayetoka msikitini bila haraka. Samaki akidaka, mshipi unachomoka kwenye kibanio, na kuanzia hapo ni wewe na yeye, risasi haimo tena kwenye ugomvi. Huo mtambo, nasema wazi, nimeuhusudu. Ungekuwa nao wakati ule wa jodari wanaokaa chini, mkono wako usingekuwa na ile alama.

Mbele ya chambo hutangulia kibao cha plastiki, kirefu kama sentimita 28, kijani upande mmoja na fedha upande wa pili. Kinazunguka majini na kumetameta ili samoni adhani kuna mwenzake anakula. Nyuma yake, kama mita moja, anafuata pweza wa plastiki mwenye mikia inayong'aa gizani, ndoana ikiwa imejificha humo mikiani. Na ndoana zenyewe hazina vigumba, vyote vimebanwa kwa koleo, ndiyo sheria ya samoni. Ukilegeza mshipi kufumba na kufumbua, ameshakwenda. Usipolegeza, wapo simba wa baharini wanaongoja wewe uvute wao wale, na unaweza kupandisha kichwa kitupu.

Mkongo alimshika yule pweza kwa vidole viwili, akamgeuzageuza kwenye mwanga. "Huyu anadanganya samaki, ao anadanganya mununuzi?"

Nahodha alipotafsiriwa alifikiri kidogo, akajibu kwamba kwa miaka aliyovua, ameona yote mawili.

Kicheko changu mwenyewe kilipungua tulipofika kwenye habari ya maji. Bahari ya Ucluelet hata Agosti mara nyingi haifiki nyuzi 15. Wewe umewahi kupinduka na ngalawa, ukaogelea hadi nchi kavu, na jioni ukaenda kucheza bao. Huku hesabu ni nyingine: dakika moja, dakika 10, saa moja. Dakika ya kwanza ni ya kupigania pumzi, kwa sababu baridi inakukaba koo. Dakika kumi ndizo mikono na miguu inazokutii, baada ya hapo inagoma. Na katika muda wa saa moja hivi fahamu nazo zinaondoka. Aliyeieneza hesabu hiyo ni Gordon Giesbrecht, profesa wa Chuo Kikuu cha Manitoba, ambaye amejitumbukiza mwenyewe kwenye maji ya barafu tena na tena ili apime. Mtu wa namna hiyo akikuambia vaa jaketi kabla hujatoka, unavaa.

Kuna ukungu pia. Kiangazi upepo wa kaskazini-magharibi husukuma maji ya juu, yale baridi ya chini yakapanda, na hewa ya uvuguvugu ikipita juu yake inageuka ukungu mzito hata huoni pua ya chombo. Mwezi wake hasa ni huu tulio nao. Mabaharia wameuita mwambao huu Makaburi ya Pasifiki, na hawakuwa wakitia chumvi. Pale rasi ya Amphitrite, mlangoni mwa Ucluelet, mnara wa taa ulijengwa mwaka 1906, baada ya meli ya Pass of Melfort kuvunjika miambani Desemba 1905 na wote waliokuwamo kufa. Mnara ulikuwa wa mbao. Januari 1914 bahari ikaufuata juu ya jabali ikaubeba. Wa sasa, uliojengwa mwaka 1915, ni wa zege, mfupi, mnene, mabega mapana, hauna urembo wowote. Wewe uliyezoea mlango wa Mto Pangani na vyombo ulivyovila, najua hapa hutacheka.

Ndiyo maana Nahodha ana orodha iliyofunikwa plastiki, na namba moja kwenye orodha hiyo ni nguruzi. Yeye mwenyewe huitia kwenye tundu la kutolea maji, kisha anatuita mimi na Mkongo tuiguse kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, kama mashahidi. Redio iko tayari kwenye chaneli 16. Mashine ndogo, ambayo kazi yake ni kurambazia na kuturudisha ikiwa kubwa imekufa, imewashwa gerejini mara nyingi hata majirani wamelalamika.

Baada ya hayo yote ungedhani watu hawa ni wa sayansi tupu. Jana nilimpa orodha ya chakula: maandazi, mayai, chai ya maziwa kwenye chupa, ndizi. Nahodha akachukua kalamu akafuta ndizi. Mtu aliyepima mdomo wa kopo kwa rula! Ndizi haipandi chomboni, akasema, inafukuza samaki na kuua mashine. Na si yeye peke yake, wavuvi wengi wa huku wanashikilia hivyo, wasomi kwa wasiosoma. Ukiuliza chanzo, kila mmoja ana chake. Huyu atasema meli za ndizi zilikimbizwa mno, matunda yasije yakaoza, hata hakuna aliyeweza kuvua humo. Yule atasema ni buibui waliojificha kwenye mikungu. Sikumcheka. Mimi nimelelewa na mtu asiyetaka kuulizwa "unakwenda wapi" akiwa na kasia begani.

Mkongo ndiye aliyeharibu mambo. Akauliza kama katazo linahusu na ndizi za kupika.

Nahodha hakuwa na jibu. Akampigia mvuvi mwenzake, simu ikawekwa mezani kwa sauti kubwa, na wazee wawili wenye akili zao wakajadili iwapo ndizi ikishakaangwa bado ni ndizi. Mke wa huyo mwingine alisikika nyuma akitoa maoni makali. Hukumu iliyotoka ni kwamba ndizi iliyokaangwa nyumbani, ikafungwa vizuri, inaweza kupita, ila isitajwe jina ikiwa ndani ya boti. Kwa hiyo baharini nitakuwa nikisema "nipitishie ile njano."

Heshima yako lakini nimeilinda. Nahodha alikuwa akitafuta maji ya Jumamosi kwenye simu, mimi nikatazama mwezi juu ya paa la gereji nikamwambia hilo ni bamvua. Akaangalia, akakuta ndivyo. Ila usijisifu sana, kwani huku maji hujaa mara mbili kwa siku lakini kujaa kumoja kunaweza kuzidi kwingine kwa mbali, na hesabu yako ya vidole ingekuacha mchangani.

Kilichobaki ni ruhusa ya upepo. Ikiwa sawa, tunaondoka Jumamosi saa nane usiku, tunashusha boti alfajiri, na saa sita mchana tuwe tumesharudi gatini kabla upepo wa mchana haujaamka. Samaki nimeshawaahidi watu wengi kuliko leseni inavyoruhusu, hilo nitalitatua nikirudi. Kesho usiku tutasikiliza utabiri. Upepo ukizidi kilomita 30 kwa saa, Nahodha ameapa boti haitoki, na kiapo cha mzee huyu kina mfuniko wa plastiki.

Mke wangu anawasalimu nyote. Hakuulizwa maoni yake kuhusu utabiri, lakini ameshatoa kuku wawili kwenye friza.

Wasalaam,
Mpwa wako