Bunduki Haina Kiti Darasani

Aka! Ndugu, rudia hilo neno, hawa wamotari nao walisikie. Unasema shule ni matofali na mabati tu? Kwamba wakilala humo wakimbizi, wakisali humo watu wa kanisa, wakikaa humo askari, yote ni mamoja kwa sababu nyumba haijui nani yumo? Nasonya mbele yako, unisamehe. Si mamoja hata kidogo.

Twende Bogoro. Ni kilomita 25 tu kutoka hapa Bunia, kwa barabara ya kuteremkia Kasenyi, ziwani. Pale kuna Institut, shule ya kijiji, ambamo watoto wa mashati meupe walipaswa kufundishwa hesabu. Vita ilipokuwa imepamba moto, wapiganaji wa UPC, kundi la Thomas Lubanga, wakafanya kambi yao pale pale. Ubao ukabaki ukutani, darasa likawa la bunduki. Na Lubanga huyohuyo, mwaka 2012 mahakama ya kimataifa ya La Haye ilimtia hatiani kwa kuwaingiza vitani watoto wasiofika miaka 15. Angalieni mambo hayo mawili kwa pamoja, jamani: mtoto anatolewa darasani kwenda vitani, na vita inaletwa kukaa mahali pake darasani.

Alfajiri ya 24 Februari 2003 Bogoro ikashambuliwa. Watu walikimbilia wapi? Kwenye Institut. Mama amebeba mtoto mgongoni, anakimbilia nyumba ya matofali, anakimbilia wenye silaha akitumaini watamlinda. Lakini ile kambi ndiyo waliyokuwa wakiitafuta washambuliaji. Raia wakauawa ndani ya madarasa. Mimi kila nikipita barabara ile moyo unanipanda hadi kooni, ingawa sikufiwa na mtu Bogoro. Aliyefiwa je?

Majaji wa La Haye wenyewe walifunga safari kutoka Ulaya, Januari 2012, wakaja kusimama pale waone kwa macho yao. Mwaka 2014 kamanda Germain Katanga akahukumiwa miaka 12 kwa uhalifu wa Bogoro. Machi 2017 wahanga 297 wakapewa haki ya fidia, dola 250 kila mmoja, na majaji wakasema wazi kwamba hiyo ni ishara tu. Juu yake wakaongeza msaada wa pamoja: nyumba, shughuli za kuwapatia watu kipato, tiba ya majeraha ya moyo, na masomo. Umesikia la mwisho, ndugu? Masomo. Mahakama iliagiza watu ambao shule yao iligeuzwa kambi wasaidiwe masomo. Hebu niambie tena ni matofali tu.

Wakimbizi ni habari nyingine, na hapo usinichanganyie mambo. Mwaka 2018, watu walipokimbia mauaji ya kule Djugu, Bunia ilijaa. Walilala penye hospitali kuu, walilala karibu na chuo cha ualimu, ISP, walilala kwenye sebule zetu. Mwenye kulala darasani akiwa amekimbia panga hajaiba kitu. Shule imemfanyia kazi yake ya kwanza, kumpokea mtu wa kijiji. Ninacholaumu ni sisi kumwacha humo miezi na miezi, mpaka dawati linapasuliwa kuwa kuni kwa sababu hakuna aliyeleta kuni. Kambi ya wakimbizi ya Kigonze ilipofunguliwa 2019, familia zikahamishiwa huko. Hayo ndiyo ya kufanya mapema: mpe mtu paa lake, mrudishie mtoto darasa lake.

Mzee, umeuliza swali zuri: shule ni ya nani, nani wa kuulizwa ruhusa? Rais Mobutu alizitwaa shule kutoka kwa makanisa mwaka 1974. Mwaka 1977 akayarudishia makanisa uendeshaji kwa mkataba, ndiyo maana mpaka leo tunasema shule ya Wakatoliki, shule ya Waprotestanti, na mshahara wa mwalimu unangojewa kutoka serikalini. Mwaka 2019 Rais Tshisekedi akasema shule ya msingi ni bure. Kwenye karatasi wenyewe ni wengi. Lakini vijijini tofali lilifyatuliwa na wazazi, maji yalibebwa na akina mama kutoka mtoni, na watoto nao walibeba mchanga asubuhi kabla ya kengele. Hao ndio wa kuulizwa.

Na wakiulizwa watakubali mengi, nawajua. Jumapili waumini wasali. Siku ya kura CENI, tume ya uchaguzi, iweke masanduku yake. Jioni akina mama wasiojua kusoma wakae kwenye viti vya watoto wao wajifunze, wengine wafanye hapo likelemba yao, mchango wa kupeana kwa zamu. Hivyo ndivyo shule inavyozidi kuwa ya kijiji. Lakini mtu wa bunduki, awe wa serikali au wa porini, asisimame hata kwenye veranda kujikinga mvua. Kuna tamko la kulinda shule wakati wa vita, lilizinduliwa Oslo mwaka 2015, na Kongo imeliunga mkono. Kamanda anayeweka kambi darasani akumbushwe hilo.

Ndugu, usiondoke. Ile shule ya kartie yetu ina darasa lisilo na dawati hata moja, watoto wanakalia matofali. Fundi mbao yuko ng'ambo ya barabara. Mimi natoa ubao wa kwanza. Wewe unatoa ngapi?