Ufa Umeonewa

Katika ujenzi wa Kariakoo kila mwenye mdomo ana sababu ya kuufunga. Mwenye nyumba amekwisha pokea kilemba cha fremu, dalali anasubiri chake, fundi anataka kumaliziwa hela yake, na mpangaji, mradi mzigo umeingia na wateja wanapita, haulizi nguzo imebeba nini. Aliyebaki wa kusema kweli ni ufa. Hauna cheo, hautozi ada ya ukaguzi, na hujitokeza kwenye lipu mpya wakati fundi ameshakunja jamvi, ukieleza bila kuulizwa yote yaliyofanyika. Kwa utumishi huo unalipwa puti na rangi ya usoni. Machinga walau waliwahi kutolewa vitambulisho vya shilingi 20,000. Ufa haujatambuliwa na yeyote, isipokuwa na wahenga, nao waliutaja ili wautishie.

Sikiliza unavyosema. Zile nyufa nyembamba zinazotambaa ukutani mfano wa wavu zinasimulia haraka. Saruji haipati nguvu kwa kukauka, inaipata kwa kukaa na maji, ndiyo maana lipu mpya hutakiwa kumwagiliwa kwa siku saba hivi. Jua na upepo vikiiwahi, uso wake husinyaa na kupasuka. Saruji ikizidi kwenye mchanganyiko, jambo ambalo mwenye nyumba huliona ni ukarimu, kusinyaa nako huzidi. Hata bwawa la kuogelea la hoteli lililopigwa lipu upya hupata nyufa hizo likichelewa kujazwa maji. Gonga kando ya ufa kwa kifundo cha kidole: ukisikia utupu, lipu imeachia, pengine ilipigwa juu ya rangi ya zamani. Fundi hatakwambia hayo, na risiti ya saruji haiyaonyeshi.

Watasema ufa ni mzushi, kwamba nyufa nyingi ni za lipu tu na hazina madhara. Ni kweli, ila ufa wenyewe ndio unaokusaidia kutofautisha. Wa wavu hukaa juu juu. Ule unaoanzia kwenye kona ya dirisha na kushuka mshazari, ukapenya hadi kwenye tofali, unazungumzia msingi au mzigo uliozidi. Ukiwa na shaka, bandika kipande cha kioo kukatiza ufa, kishikwe kwa saruji pande zote mbili, uandike na tarehe. Kioo kikivunjika, ukuta bado unatembea. Na wahenga waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta wasisingiziwe: sidhani walimaanisha kuziba kwa kupaka skimu juu ya ukuta unaotembea, maana huko ni kumnyamazisha shahidi tu, na ukuta utaujenga vilevile.

Hoja ya kwamba ufa unaharibu sura ya duka sitaipotezea muda. Nani ameuona ukuta Kariakoo? Madera na mabegi yamening'inia kutoka sakafuni hadi darini. Rangi mpya huonekana siku mbili, siku dalali anapoleta mtu na siku ya kulipa.

Hoja nzito ni kwamba ufa unaweza kuchelewa, na hapa sifa zangu zina mpaka. Machi 29, 2013 jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 ghorofa la maduka lilianguka Kariakoo, watu wasiopungua 29 wakafariki. Nguzo ikizidiwa, au ardhi ikichimbwa chini ya msingi, jengo linaweza kushuka kabla lipu haijapata nafasi ya kusema. Lakini kama onyo lenyewe huwa fupi hivyo, anayelifunika anapunguza hata hicho kidogo kilichopo. Baada ya ajali ya Kariakoo serikali iliunda timu ya kukagua majengo ya eneo hilo. Mkaguzi yeyote mwenye tochi na nyundo akiingia kwenye ghorofa la namna hiyo atatafuta kwanza nyufa, na palipopakwa puti juzi itambidi aanze kwa kubandua.