Wewe Ulikuwepo?

Mjomba wangu alizaliwa 1960. Kila tunapokutana kwenye msiba au harusi, pilau likishashuka tumboni, anasimulia alivyoushuhudia uhuru wa Tanganyika: usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, yeye kabebwa mabegani kwa babu. Anakumbuka vumbi. Anakumbuka bendera ya Mwingereza ikishuka na yetu ikipanda: kijani, nyeusi, manjano na bluu.

Nikamwambia, "Shikamoo mjomba, lakini bluu ilikuja 1964, tulipoungana na Zanzibar. Bendera ya Tanganyika haikuwa na bluu hata ya dawa."

Akanitazama, akafuta mdomo. "Wewe ulikuwepo?"

Hapo ndipo ninapochoka na watu. Mwenyewe alikuwa bado ananyonya, ila mimi ndiye ninayedaiwa ushahidi. Wataalamu wanasema kumbukumbu za wengi wetu huanzia kwenye miaka mitatu, mitatu na nusu hivi. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walichapisha majibu ya watu zaidi ya 6,600, na karibu wanne katika kila kumi walidai wanakumbuka mambo ya umri wa miaka miwili au chini yake. Kumbe kina mjomba wamejaa hata huko.

Angalau Jean Piaget, yule bingwa wa Uswisi wa mambo ya akili za watoto, alikuwa na kisingizio. Alikua akikumbuka jinsi mtu alivyotaka kumwiba kwenye kigari chake, pale Champs-Élysées, Paris, na yaya akapambana hadi akachubuliwa uso. Aliiona picha yote: umati, askari, michubuko. Alipofika miaka kama 15, yaya akawaandikia wazazi wake barua: ameokoka, anatubu, kisa kile alikitunga, na saa aliyozawadiwa kwa ushujaa anairudisha. Mtoto alikuwa amesimuliwa tu, akili ikapiga picha yenyewe.

Sisi yaya wa kutubu hatuna. Tuna kaka yangu mkubwa, ambaye ameniibia bata mzinga.

Bata mzinga yule alinifukuza mimi, kutoka jikoni hadi kwenye tangi la maji, nikiwa nimevaa fulana ya mistari bila kaptura. Kaka aliwahi kunisikia nikisimulia. Mwaka uliofuata nikamkuta anawasimulia wakwe zake, fulana ni yake, tangi ni lake, na kaptura kajivalisha. Nikadai haki yangu mbele ya watu. Akapandisha mkono wa shati kuonyesha kovu la kudonolewa. Kovu lenyewe liko begani, la mviringo, la chanjo ya kifua kikuu! Nusu ya waliokaa mkekani wanalo. Wakwe wakalipapasa, wakampa pole.

Tukaenda kwa mama mkubwa atuamulie, maana nyumba ilikuwa yake. Akacheka hadi kanga ikamdondoka. Bata mzinga, akasema, alichinjwa siku ya harusi ya mama yenu; hakuna hata mmoja kati yenu aliyekuwa amezaliwa.

Mama mkubwa naye siku hizi uzee umemwingia. Hata miwani anasahau alikoiweka.