Sifa za Mashua ya Dunia Ndogo

Katika mabaraza yote ya watu wazima wanaoshughulishwa na michezo ya watoto, sidhani kama lipo lenye hamaki kulishinda lile la wapenzi wa bustani za Disney, wakaapo kujadiliana ni pembea ipi ing'olewe na ni ipi isimikwe mahali pake. Watu ambao katika mambo yao mengine ni wapole, wenye kulipa kodi kwa wakati na kuwajulia hali majirani zao, hugeuka ghafla kuwa makadhi wakali, wakavihukumu mauti vyombo vya mbao na chuma ambavyo havikupata kumdhulumu mtu. Kila mmoja huja na vipenzi vyake na maadui zake. Na ingawa juu ya vipenzi hawapatani hata kidogo, wakifika kwenye maadui ndimi zao aghalabu huangukia jina moja, nalo ni la ile safari ya majini iitwayo It's a Small World, ambayo mimi, nikiwa nimejitolea kuisemea bila ujira, nitaiita Mashua ya Dunia Ndogo.

Mashtaka yasomwayo juu yake ni kwamba inakwenda pole kuliko mtu atembeaye kwa miguu. Kwamba wanasesere wake, ambao wanapita mia tatu, wote wana uso mmoja. Kwamba imekalia ardhi ambayo ingetosha kujengwa treni ya chuma ya kupindua watu hewani miguu juu. Na kwamba wimbo wake hauna mwisho. Wakili mwoga angeyakanusha. Mimi nayakubali yote, herufi kwa herufi, na ni juu ya mashtaka hayo hayo ninapokusudia kuusimamisha mnara wa sifa zake.

Ada ya wasifuji ni kuanzia kwenye nasaba, na nasaba ya mashua hii si ya kuonewa haya. Ilizaliwa mwezi wa Aprili 1964, yalipofunguliwa Maonyesho ya Dunia mjini New York, ndani ya banda la kampuni ya soda ya Pepsi-Cola lililowekwa kwa heshima ya UNICEF, mfuko wa Umoja wa Mataifa wa kuwahudumia watoto. Wakubwa wa kampuni walisitasita hata muda uliobaki ukawa hautimii mwaka, na husimuliwa kuwa aliyewasukuma wakakata shauri ni Joan Crawford, mcheza sinema mashuhuri, mjane wa aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyo na mjumbe wa halmashauri yake, bibi ambaye hata katika picha za sinema hakuonekana kuwa mtu wa kukataliwa neno. Walt Disney akaipokea kazi. Mary Blair, mchoraji aliyejua kuzikalisha pamoja rangi zisizopendana, akabuni sura yake. Na ndugu wawili, Richard na Robert Sherman, wakabebeshwa mzigo wa wimbo.

Hapo kwanza ilitakiwa kila kundi la wanasesere liimbe wimbo wa taifa lake. Nyimbo hizo zilipokutanishwa pakatokea zogo ambalo mjumbe yeyote wa Umoja wa Mataifa angelitambua mara moja kuwa ni la kwao. Ndipo ukaagizwa wimbo mmoja mwepesi, ambao ubeti wake na kibwagizo chake vinaweza kuimbwa kwa wakati mmoja bila kugombana, ukazagaa kutoka chumba hadi chumba kwa lugha mbalimbali. Tutafakari kidogo jambo hili: katika zama ambazo vita baridi viliwashinda mabalozi na majemadari, mataifa ya ulimwengu yalikubaliana chini ya paa moja, wala hakuna aliyeinua mkono kutumia kura ya turufu. Ikiwa gharama ya amani hiyo ni kichwa kuwauma abiria, sijui ni mkataba gani uliopata kutiwa saini kwa bei rahisi zaidi.

Maonyesho yalipokwisha, mashua ilihamishiwa California, ikafunguliwa tena Disneyland tarehe 28 Mei 1966, na siku hiyo watoto wa makabila mbalimbali wakamimina mferejini maji yaliyotoka katika bahari za dunia, taadhima ambayo treni za chuma hazijapata kufanyiwa. Baadaye ikazaa: Florida 1971, Tokyo 1983, Paris 1992, na Hong Kong 2008. Kwa chombo kinachoambiwa kila mwaka kuwa siku zake zimekwisha, hicho si kizazi haba.

Sasa nije kwenye upole wake, ambao ndio kosa linalotajwa kwa ukali kuliko yote, nao ndio ihsani yake iliyo kubwa. Mashua hizi hazina injini wala mpiga kasia. Husukumwa na nguvu ya maji yenyewe, kwa tadbiri iliyosanifiwa na mafundi wa Arrow Development, na kwa kuwa zinafuatana moja nyuma ya nyingine bila kukatika, humeza umati wa watu siku nzima pasipo kushiba. Tadbiri hiyo ilimpendeza Disney hata akabadili nia juu ya jambo jingine: ile nyumba ya maharamia, Pirates of the Caribbean, ambayo ilikusudiwa watu waizunguke kwa miguu wakitazama masanamu, ikatiwa mfereji na mashua, ikafunguliwa mwaka 1967. Hivyo yule bwana mwenye elimu ya bustani, ambaye huwasifu maharamia kwa machozi na kisha akaitaka Dunia Ndogo ivunjwe, anamtukana mama mbele ya mwanawe.

Na ajabu si hiyo tu. Bwana huyo huyo, asimamapo juani katika foleni ya treni yake ya kupinduka, akihesabu vichwa vilivyo mbele yake, hana habari kwamba vichwa vingine chungu nzima vingekuwa hapo hapo, na vingine juu ya mabega ya baba zao, lau visingekuwa vimeketi ndani ya mashua anayoilaani. Treni ya chuma huchagua: mtoto mfupi hapandi, mja mzito hapandi, mwenye maradhi ya moyo hupewa onyo lililoandikwa ukutani. Mashua haichagui. Haina kipimo cha kimo mlangoni. Humpokea bibi na mjukuu, huwatia kivulini penye ubaridi, huwakalisha kitako takriban robo saa, na wakitaka kulala huwaacha walale. Kwa hiyo kila dakika ambayo adui wa mashua huipata juu ya treni yake, sehemu yake amepewa sadaka na mashua, naye sadaka huila na mtoaji humtukana. Nimezitafuta katika tabia za viumbe sifa zipitazo hiyo, nikaishia kwa mkeka, ambao hukanyagwa na wageni wote na hakuna auagaye.

Juu ya nyuso za wanasesere kufanana sitasema mengi. Wapo wanaodai kwamba kumpa Mholanzi na Mhindi uso mmoja ni uvivu wa fundi. Mimi naona ni usawa ambao katiba nyingi zimeuahidi na chache zimeutimiza. Bara letu, nakiri, limepewa ngoma nyingi na twiga wa kutosha, nalo huisha kabla abiria hajamaliza kulionyesha kwa kidole; lakini huingiwa bila hati ya kusafiria na kutokwa bila kupekuliwa mizigo, heshima ambayo msafiri wa Kiafrika haioni kila mahali.

Tufikie wimbo. Hapa msifuji hana budi kuvuta pumzi, maana hata ukoo wa mashua wenyewe umeusaliti: katika sinema ya The Lion King ya mwaka 1994, iliyotengenezwa na Disney wenyewe, ndege Zazu akiwa kifungoni huamriwa na Scar amwimbie kitu cha kuchangamsha, naye aanzapo wimbo wa Dunia Ndogo, yule simba dhalimu, aliyemwua ndugu yake bila kupepesa jicho, hupaza sauti akiomba apewe wimbo wowote isipokuwa huo. Watu hucheka. Mimi huona hapo ushahidi wa nguvu za wimbo kuliko zote: kilichoishinda huruma, na damu, na haya, kimewezwa na kibwagizo. Nayo Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo haina desturi ya mzaha, mwaka 2022 iliitia santuri ya wimbo huo, iliyoimbwa na kwaya ya wavulana mwaka 1964, katika hazina ya sauti ambazo taifa limeamua zihifadhiwe. Waliodhani kuwa wimbo utakufa siku mashua itakapovunjwa watafute tumaini jingine.

Kisha, tangu 1997, msimu wa Krismasi ukifika California, wimbo wenyewe huchanganywa na nyimbo za sikukuu, ili wale waliokuwa wakiomba wapunguziwe wapate ujazo wao. Na jioni umati uzidipo na mashua kukawia kuwashusha watu, foleni hurudi nyuma majini, kila chombo kikigonga kisigino cha mwenziwe, na abiria wakaongezewa beti kadhaa bila malipo. Ni pembea gani nyingine itoayo bahashishi?

Wenye kiu ya kuvunja ningewapeleka kwanza wakaitazame ile njia ya juu iliyo tupu pale pale Disneyland. Palikuwa na vigari vya upole, PeopleMover, vilivyozunguka hapo tangu 1967, navyo vilihukumiwa kwa kosa hili hili la kutokuwa na haraka. Vikaondolewa 1995. Mwaka 1998 pakaletwa juu ya njia ile ile vyombo vya mbio vilivyoitwa Rocket Rods. Vikaharibika mara kwa mara, kwa kuwa njia iliyojengwa kwa mwendo wa bibi harusi haikukubali mwendo wa mwizi, na kufika mwaka 2000 vilikuwa vimesimama. Njia ipo hata leo, haina apitaye ila ndege. Kule Florida nako, 1998, walimfungia Bwana Chura safari yake ya motokaa, ingawa mashabiki walikusanyika na fulana na mabango kumtetea. Nafasi yake akapewa dubu mpenda asali.

Hata kuongeza nako kuna fitina. Disney walipoamua kuwatia ndani ya Dunia Ndogo ya California wanasesere wenye sura za watu wa sinema zao, jambo lililokamilika 2009, mashabiki walipinga, na jamaa za Mary Blair nao wakalalamika kwamba kazi ya marehemu inachafuliwa. Nimeyasoma malalamiko hayo kwa furaha isiyo na kifani. Chombo kinachosemwa kuwa hakimpendezi mtu, kumbe kikiguswa ukucha, watu huinuka vitini.

Basi, ikiwa wajumbe wa baraza lile wameazimia kukutana tena kuamua kipi kitoke na kipi kiingie, sina nia ya kuwazuia, wala siombi mashua isamehewe kabla ya kusikilizwa. Ombi langu ni dogo, la utaratibu tu: kikao na kifanyike mashuani, jioni ya sikukuu, foleni ikiwa imerudi nyuma hadi chumba cha mwisho, kila msemaji apewe dakika zake akae akizungumza juu ya sauti ya kwaya, na kura zisihesabiwe mpaka mjumbe wa mwisho ameshushwa gatini, akaulizwa kwa upole kama anaweza kuitaja hoja yake pasipo kuiimba.